Chakula Kinacholia Mudomoni

Majina yao wote niko nayo kichwani: la mukwe wangu, la munganga, la yule mama anayekaanga muhogo kwenye njia ya bandari, hata la bwana wake wa kwanza aliyemukimbia. Sitaandika hata moja. Muntu mupumbavu akiona jina lake limeandikwa, anajiona mukubwa.

Mimi meno yangu ni yangu. Wenzangu niliokua nao hapa Kalemie wanameza bukari, ule ugali wetu, kama bata, tonge linateleza, basi wameshiba. Sikuwahi kuheshimu chakula kisicholia mudomoni. Nikipika wali, watoto wanakula wali, mimi ninangoja ukoko. Mahindi ninayataka makavu, ya kukaanga. Na muhogo wa mafuta, kile kipande cha pembeni kilichokauka mpaka kinavunjika kachu, hicho nimekula kila siku ya Mungu tangu mume wangu afariki.

Halafu sukari ikaniingia mwilini. Kidole kidogo cha muguu wa kushoto kikapata kidonda, kikakataa kupona, kikaanza kuwa cheusi. Hospitalini munganga, binti ambaye mimi ningeweza kumuzalia mama yake, alikifinya akasema:

"Mama, ufuate hii karatasi mwezi mumoja. Sukari isiposhuka, tutakata kidole. Ukichelewa, hatutaishia kwenye kidole."

Akanipa karatasi, akaita mugonjwa mwingine. Hivyo tu, kama muntu anayekupa tiketi ya boti.

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa. Mimi nilifika mwaka wa tatu wa shule. Kiswahili ninasoma, Kifaransa kilinipita kwa mbali. Kwa hiyo ikaenda kwa mukwe wangu, mume wa binti yangu ninayekaa kwao. Yeye anafanya kazi katika biro, yaani ofisini. Anatembea na kalamu mbili mufukoni, moja haiandiki. Kwetu mukwe na mama mukwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawabishani. Alisimama nyuma ya mulango, mimi nikakaa ndani, binti yangu katikati, mukwe akasoma kwa sauti ya muntu anayetangaza kifo cha chifu.

"Wanakataza idrate de karbone," alisema. "Mwambie Mama, karbone njo makala, mukaa wa kupikia. Idrate njo maji."

"Makala yenye maji?" binti yangu akauliza.

"Makala mabichi. Yanatoa sumu, inaingia kwenye chakula. Mama asile kitu kilichoiva juu ya makala."

Nilijua muntu hapati sukari kwenye makala. Nilijua! Lakini mama mukwe habishani na mukwe. Na tena, niseme kweli, usomaji wake ulinipendeza: haukugusa muhogo wangu.

Basi binti yangu akaanza kupika kwa kuni. Nyumba nzima ikatoka machozi kama tuna matanga. Mukebuka, samaki wetu wa ziwa, nikauacha, kwa sababu unachomwa juu ya makala. Muhogo uliokaangwa kwa kuni nikala mara mbili kwa siku, na ukoko juu yake, nikijiona mugonjwa mutiifu kuliko wote wa jimbo letu la Tanganyika. Wiki mbili. Kidole kikaanza kunuka.

Sikumwambia muntu. Nilipanda pikipiki, nikarudi kwa munganga peke yangu. Aliposikia habari ya makala, akashika meza, akacheka. Nilimungoja amalize. Muntu anayecheka mbele ya muguu unaooza, mimi nimeshamupima.

"Mama, karbone si makala. Njo muhogo. Njo bukari, wali, mahindi, mukate."

"Sasa umenibakizia nini?"

"Samaki, mboga, mayai, karanga kidogo."

"Na cha kulia mudomoni?"

Akafikiri, na shule yake yote ile. "Kula konkombre."

Konkombre! Lile tango linalia mara moja, halafu linaomba radhi. Unauma, unasikia sauti, unasema sasa nimepata kitu, kumbe ni maji yamevaa nguo. Binti yangu, niliyemwambia bila mumewe kujua, akanikatia shu mbichi, ile kabichi. Nikamuuliza kama ameona pembe kichwani mwangu. Akakaanga yai mpaka likawa kama soli ya kiatu. Halikulia, lilinyamaza vibaya. Mujukuu wangu anayesoma Lubumbashi akapiga simu: "Bibi, kaanga fromage, ile jibini, inakuwa kama chipsi!" Nikamwambia kwanza atume ng'ombe. Mbegu za maboga zilikuwa na maana, lakini ukimaliza kikombe ulimi wote ni vidonda, na mimi kidonda kimoja kilinitosha.

Siku zilikuwa zinakwisha. Nilikaa uani nikikitazama kidole, na mbele yangu binti yangu ameanika ndagala, wale samaki wadogo kama misumari. Baba yangu alikuwa muntu wa kujivuna. Kwake ndagala walikuwa wa wapagazi, sisi tulikula samaki mwenye mugongo. Nami nilirithi hiyo jeuri, sikurithi kitu kingine. Nikachukua chungio, nikapepeta muchanga, nikawaosha haraka, nikawarudisha juani mpaka wakakauka kau. Halafu nikawasha makala, moto mudogo, sufuria bila mafuta, nikageuza polepole. Muntu mwenye haraka anawaunguza, wanakuwa wachungu. Ukitikisa sufuria wakalia kama kokoto, wameiva. Nikatia chumvi kidogo na pilipili. Nikauma mumoja.

Kachu. Kichwa, mifupa, mukia, vyote.

Mukwe wangu akanusa makala. Akaja nyuma ya ukuta, akakohoa.

"Mama, samahani. Ile karatasi..."

Binti yangu alikuwa sokoni, katikati yetu hapakuwa na muntu. Heshima ya miaka yote nikaimeza na yule samaki.

"Papa," nikamwita, kama mukwe anavyoitwa kwetu kwa heshima, "mimi sili makala. Ninakula samaki."

"Lakini idrate, Mama..."

"Idrate nimeilipia kwa muguu wangu wiki mbili. Muhogo njo idrate. Munganga amesema. Hujui Kifaransa, Papa, unakibeba tu."

Nikasukuma sahani ya ndagala kwenye kona ya ukuta, nikageuka upande mwingine kama inavyotakiwa. Baada ya muda nikasikia kachu, kachu, kachu. Biro nzima ilikuwa inatafuna. Sahani ilirudi bila hata kichwa kimoja, na muntu huyo hajaniomba radhi mpaka leo.

Mwezi ulipofika, munganga alipima damu, akatazama mashine, akapima tena. Akakifinya kidole. Chini ya ule weusi ngozi mupya ilikuwa imetoka, nyekundu kama ya mutoto muchanga.

"Imeshuka, Mama. Hatukati. Ulikula konkombre?"

"Nilimupa mbuzi wa jirani. Naye aliiacha."

Safari hii hakucheka, aliandika. Nikaomba kiatu changu, nikakivaa mwenyewe, nikamwachia kiti mugonjwa anayefuata, mama munene aliyeshika ile karatasi ya Kifaransa kwa mikono miwili.

"Wamekuandikia nini?" nikamuuliza.

"Sijui, dada. Nitampa mutoto wa kaka yangu anisomee."

Nikakaa tena kando yake, nikaanza kumwambia habari ya muhogo.