Elektroni na Sinia la Wali

Mume wangu alikuwa mwalimu wa sayansi Kengeja, na mwaka mzima alinitesa na elektroni. Wenzangu walilia na wake wenza, mimi nalia na elektroni. Vitabu vyake vilisema kidude hicho kina mzunguko, basi yeye hali wala halali, anauliza kinachozunguka ni nini hasa. Kingekuwa kimpira kinachozunguka kama pia ya watoto, ngozi yake ingebidi iende mbio kuliko mwanga, na mwanga haupitwi. Tena ukikigeuza duru moja hakirudi kama kilivyokuwa, mpaka duru mbili. Hapo huichukua kata yangu ya kuwekea mtungi kichwani, akanizungushia mbele ya pua: si kimpira, ni pete, umeme unakimbia ndani yake. Na mimi maji sijateka. Wallahi nilichoka.

Nilivumilia kwa sababu palikuwa na nafasi moja ya masomo Uingereza, naye aliitaka kufa na kupona. Mtu wa kuchagua alikuja kula kwetu, Mpemba mwenzetu, mwana wa mashamba ya karafuu aliyesomea huko huko. Nikapika wali na pweza wa nazi, moshi ukanitoa machozi.

Nikakaa nyuma ya pazia. Mgeni kanawa, kala, kamsifu pweza, kisha akasema elektroni haina shida yoyote, ni kimpira tu kinachozunguka kama pia. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Sema sasa, nikaomba, sema ile ya mwanga. Mume wangu akamsogezea mgeni mnofu wa pweza.

"Naam, bwana. Ndivyo."

Mgeni akamuuliza tena kama ana hakika. Akasema anayo.

Wakati wa kuaga, mgeni alinishukuru kwa chakula, akaniambia kwa masikitiko kuwa alimchokoza mume wangu kusudi, alitaka wa kumbishia. Mwalimu wa Wete kambishia mpaka chai ikapoa, basi atakwenda yeye. Nilitaka kumuuliza kaondoka Pemba lini hata kasahau adabu za sinia. Nikamwambia karibu tena.

Ndani nilimkuta mume wangu mbele ya makombo, kaanza kunieleza mgeni kakosea wapi. Nikamkatiza, nalia kwa hasira.

"Mbona hukumwambia mwenyewe?"

Akanitazama kama nimepotewa na akili.

"Ningemwambiaje," akasema, "na tonge liko mkononi mwake?"