Mechi Isiyofika Mwisho

Kompyuta yetu ilikuwa inazimika kila mara wachezaji walipokuwa wamekimbia kidogo. Mwanzo wa mchezo haukuwa na tatizo. Muziki ulilia, kaka yangu alichagua timu yake bila haraka, akabadilisha rangi ya jezi, akarudi akabadilisha tena. Kisha nyasi za uwanja zilijaa kwenye skrini, watazamaji wakasimama majukwaani, feni zikaanza kuvuma. Baada ya dakika kumi, pengine kumi na mbili, skrini ilikuwa nyeusi. Hakukuwa na ujumbe wala onyo. Nyumba nzima ilinyamaza, na tukaanza kusikia kuku wa jirani.

Niliogopa ule ukimya kuliko nilivyoogopa kuharibika kwa mashine. Kaka yangu alikuwa ameshuka kutoka milimani miezi miwili kabla. Alikuwa amekaa huko miaka mitatu pamoja na vijana wenye silaha, na hakuna mtu nyumbani aliyemuuliza alifanya nini. Alioga, akalala siku mbili, akaamka akiwa mgeni mwenye adabu. Wenzake walimpigia simu. Alitoka kuzungumza nao nyuma ya choo, na aliporudi alikuwa haangalii mtu usoni. Kitu pekee kilichomweka ndani mchana wote ni ule mchezo wa mpira. Mama hakuuelewa, lakini alielewa jambo moja.

"Akiwa pale ku kiti," aliniambia akichambua sombe, majani ya muhogo, "hayuko ku pori. We umesoma. Tengeneza."

Kusoma kwenyewe kulikuwa kweli. Nilikuwa nimemaliza informatiki, masomo ya kompyuta, mjini Uvira mwaka uliotangulia, na mjomba wangu, anayefanya biashara ya boti na Kigoma, aliniletea ile kompyuta kama zawadi ya diploma. Ilikuwa imetumika, lakini ilikuwa na nguvu: ndani yake kulikuwa na kadi kubwa ya picha yenye feni zake tatu. Mjomba alidhani nitaitumia kutengeneza video za harusi. Harusi zilikuwa chache msimu ule. Watu wa vijiji vya juu walikuwa wanashuka kwetu mjini Baraka na magodoro kichwani, na siku nyingine upepo ukitoka upande wa milima tulisikia milio ya bunduki, tukasimama kidogo, kisha tukaendelea na kazi.

Nilianza na umeme. Kadi ya picha ikifanya kazi nzito hunywa umeme mwingi, na sisi tulitegemea mabamba ya jua, betri mbili kuukuu na konvetisa, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Nikafikiri: konvetisa inashindwa. Niliomba jenereta ya kanisa. Tulicheza kwa jenereta, na dakika ya kumi na moja ikazimika. Nikafikiri labda jenereta nayo ni mbovu kwa namna ileile. Nikafikiri labda mimi ndiye mbovu. Niliondoa programu inayoiongoza kadi, nikaweka ya zamani, nikaweka mpya. Nilipunguza ubora wa picha mpaka wachezaji wakakosa nyuso.

"Huyu ni nani sasa?" kaka aliuliza. "Umenipatia timu ya bazimu."

"Ni ile ile timu yako."

"Basi goli mbili batafunga ba nani, Enjenia? Bamarehemu?"

Aliniita Enjenia tangu siku aliporudi, na sikuweza kujua kama ni heshima au ni dharau. Nililifikiria jambo hilo sana, zaidi ya lilivyostahili.

Halafu nikapima joto. Programu ndogo ilionyesha kadi ikipanda kwa kasi, ikapita nyuzi tisini, ikazimika. Nilifurahi kama mtu aliyeshika mwizi. Niliifungua, nikapuliza vumbi la barabara ya Mboko lililojaa kwenye mapezi ya chuma, nikafuta ile pomadi kavu inayopitisha joto kutoka kwenye kadi, nikapaka mpya. Nikafunga, Mama akairudisha mahali pake. Ikazimika dakika ya kumi na tatu. Nilikuwa nimepata dakika moja au mbili kwa kazi ya siku nzima.

Niliipeleka kwa fundi mmoja wa sokoni, mzee anayetengeneza redio na simu. Kule kompyuta ilicheza saa mbili. Nilikaa nikiitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake akila vizuri kwa watu. Nikaibeba nyumbani, ikazimika. Wiki iliyofuata nikairudisha sokoni, ikacheza tena.

Fundi akavua miwani. "Mwanangu, mashini haina ugonjwa. Ugonjwa uko ku kwenu. Rudi, andika kila kitu chenye kiko ku kwenu na hakiko hapa."

Niliandika kurasa nne. Bati la paa. Waya mrefu wa kutoka betri. Unyevu wa ziwa. Moshi wa jikoni. Kaka yangu alilichukua daftari akasoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwona akicheka hadi akashika tumbo.

"Mama! Kuja uone! Ameandika na kuku!"

"Kuku anatimua vumbi," nilisema.

"Basi tuchinje kuku, mechi iishe."

Jioni hiyohiyo simu yake iliita. Alipotoka nyuma ya choo alimwambia Mama, si mimi, kwamba Ijumaa kuna watu wanapanda milimani na yeye ataandamana nao. Alisema, "Hapa mi nafanya nini? Hata mupira haiishe." Ilikuwa Jumatano. Mama aliendelea kukoroga chungu ambacho kilikuwa kimeshaepuliwa.

Alhamisi asubuhi tulijaribu tena. Ilikuwa bao moja kwa moja, na kaka alikuwa na kona. Ikazimika. Akaweka kidude cha kuchezea juu ya meza polepole, akaenda kusimama mlangoni. Mimi niliinama niibebe tena kwa fundi. Nilishika fundo, na fundo lilikuwa la moto.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho sikukiandika kwenye kurasa zile nne. Nyumbani kwetu kila kitu cha maana kilikuwa kimefungwa. Sahani nzuri zilikuwa ndani ya beseni, beseni ndani ya shuka, shuka limepigwa fundo. Diploma yangu ilikuwa ndani ya plastiki, plastiki ndani ya mfuko ulioning'inia karibu na mlango. Na kompyuta ilikuwa ndani ya kitenge cha Mama, kimezungushwa mara mbili na kufungwa mafundo mawili juu. Mbele tu kulikuwa wazi, na nyuma nyaya zilipita kwenye mkunjo. Tukisikia watu wanakimbia, ilikuwa ni kuchomoa nyaya na kubeba. Kila nilipoifungua kwa kuitengeneza, Mama alisubiri nimalize, akaifunga upya. Sikuwahi kuona hilo kama kitu. Katika vita vya kwanza Mama alikuwa na cherehani juu ya meza, haijafungwa, na mimi nilikuwa mchanga. Alikimbilia rasi ya Ubwari kwa mtumbwi nikiwa mgongoni. Aliporudi hakukuta cherehani wala meza. Tangu siku ile hakuacha kitu bila fundo.

Kule sokoni fundi alikuwa anakivua kitenge kabla ya kuwasha. Alikitupa juu ya kiti. Na kiti hicho ndicho nilichokalia, siku zote mbili, nikisubiri.

Nilimwita Mama nikamweleza: mashine inavuta hewa chini na kuitoa nyuma na juu, na sisi tumeifunika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usifungue," alisema.

"Mama, ikicheza imefunikwa, itazimika kila siku."

"Na siku ya kukimbia? Utashika chuma na vioo mukononi? We unabeba mufuko ya vitabu unapumua sana." Akageukia ukuta. "Cherehani ilikuwa pale. Mi najua ile kitu. Vita iliniachia kuchagua mutoto ao cherehani, nikachagua. Sitarudia."

Nimeshajiuliza mara nyingi tangu utoto kama mimi na cherehani tulikuwa na uzito mmoja.

Kaka alikuwa bado mlangoni, mgongo kwetu. "Mama alikosea," alisema. "Cherehani ingalikuwa imeshona Baraka yote. Huyu anaandika kuku."

Mama hakucheka, lakini alimtazama. Kaka akaja, akapiga magoti mbele ya meza, akaanza kulegeza fundo la kwanza. Lilikuwa limekaza, akatumia meno.

"Acha, minakuambia," Mama alisema. "Nani atabeba?"

"Miye."

"We utakuwa wapi?"

Alikuwa na pembe ya kitenge mdomoni. Aliitoa kwanza. "Nitabeba miye," alisema tena, akaendelea na fundo la pili.

Tuliwasha tena, na mechi ile ilifika dakika ya tisini. Kaka alifungwa mawili kwa moja. Alikaa akitazama wachezaji wa upande wa pili wakishangilia, kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kukiona kwenye ile skrini. Mama alikuwa amesimama nyuma yake na kitenge kimekunjwa kifuani, na alikuwa anakipapasa pale mafundo yalipoacha makunyanzi.

Usiku nililala vibaya. Maneno mawili, "nitabeba miye," yanaweza kumaanisha mambo mengi, na niliyapitia yote. Ijumaa nilipoamka kitanda cha kaka kilikuwa kitupu. Viatu havikuwepo. Mama alikuwa uani amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa, mikono haifanyi kitu. Niliwaza nirudishe kitenge.

Alirudi jua likiwa juu ya paa la jirani. Alikuwa ametoka ufukweni kwa wavuvi, na begani alikuwa na kamba ya wavu, ile nene, imesukwa upya. Alichomoa nyaya, akaizungushia kompyuta kamba mara mbili bila kuziba matundu ya hewa, akatengeneza vitanzi viwili vya kupitisha mabega. Akaivaa mgongoni. Akatembea nayo hadi lango la ua, akarudi, akapunguza kitanzi cha kushoto, akatembea tena.

Akaitua mezani, akaniita nijaribu kamba. Vitanzi vilinifika kiunoni.

"Ni ndefu," nilisema.

"Siyo yako," alisema, akaifungua kamba, akaitundika kwenye msumari karibu na diploma.