Risasi za Verl na Sahani ya Karatasi

Verl Haugen hakuwa mtu wa kununua risasi dukani. Tangu ujana wake huko Montana alizitengeneza mwenyewe gerejini: anajaza baruti kwenye ganda, anasimika kichwa cha risasi, kisha anaubana mdomo wa ganda ili kichwa kisicheze. Anabana kidogo tu, na maganda yote yawe na urefu mmoja. Moja likibanwa sana na jingine kidogo, kila risasi inashika njia yake. Hilo alilihubiri mpaka watu wakamchoka.

Vuli iliyopita alimpiga kulungu tumboni, yeye na wenzake wa kambi wakamtafuta mpaka giza likaingia, wasimpate. Ndipo shemeji yake Rollie, mwenye kambi ya uwindaji, akakata shauri: mwaka unaofuata, asiyeweza kupiga shabaha ya sahani ya karatasi abaki nyumbani. Siku ya majaribio ikafika, na Verl, mgane asiye na kingine cha kungojea mwaka mzima ila uwindaji huo, risasi zake zilitapakaa kama mahindi ya kuku.

"Ni ubanaji," alisema, jasho likimtoka. "Nimebana vibaya. Nipeni muda nirekebishe."

"Tangu Juni unarekebisha!" Rollie akacheka. "Mara umebana mno, mara hukubana kabisa. Hebu lete hiyo bunduki, dada yako ajaribu."

Marcy, mkewe Rollie, alilala chini na bunduki ya kaka yake, akaijaza risasi za kaka yake. Na Verl, jamani, mtu aliyejivunia kazi ya mikono yake maisha yake yote, alisimama pale akiomba iwe mbovu. Mungu wangu, zitawanyike!

Marcy alipiga tano. Rollie akaenda kuileta sahani, akarudi anapiga mluzi. Matundu yalikuwa yamegusana. Ungeyafunika yote kwa kidole gumba.

"Hee, shemeji! Ubanaji wako hauna hata kasoro. Kumbe kibovu ni wewe!"

Wenzao wakaangua kicheko. Marcy hakucheka, lakini hakumtetea pia. Alimrudishia bunduki bila kumtazama usoni.

"Basi usinune," Rollie akasema, akimpiga begani. "Bunduki zetu si zinatumia risasi za ukubwa uleule na yako? Sisi tunaondoka Ijumaa, wewe utabaki. Tutengenezee risasi kama hizi, za kambi nzima. Utaweza?"

Verl aliitazama ile sahani. Kazi safi, ya kwake kabisa, na hakuwa na namna ya kuikana.

"Mtazipata Alhamisi," akasema.