Petroli Iliyokwisha Nikinywa Chai

Aliyemaliza petroli ya gari langu ni mimi, mtumishi mstaafu wa serikali, mkazi wa mtaa wa Tassia. Nalitamka hili waziwazi kwa sababu wiki iliyopita nilimtaja mtu mwingine, tena hadharani.

Kabla ya fundi Wafula kuitengeneza, injini yangu ilikuwa ikikohoa vibaya, nami niliiwasha na kuondoka upesi kwa aibu. Aliponirudishia gari, injini ilinguruma kwa upole wa kupendeza. Basi nikawa ninaiwasha kila asubuhi chini ya ghorofa yetu, majirani wasikie gari lililotunzwa, kisha ninapanda juu kunywa chai. Petroli ilipoanza kwisha haraka kuliko zamani, sikuifikiria chai hiyo hata kidogo.

Nilimwita Wafula uani, nikamsomea mashtaka mbele ya wapangaji.

"Umeiharibu injini makusudi, ili nirudi kwako!"

"Mzee, hilo gari nililiacha sawa," alijibu.

Wapangaji wawili waliokuwa wamemwachia magari yao wakadai funguo papo hapo.

Ndipo mke wangu alipochungulia kutoka roshani. "Baba Atieno, na hiyo injini unayoiacha ikinguruma huku wewe unamaliza chapati, hutumia maji?"

Ua mzima uliangua kicheko.

"Hiyo ndiyo alamu yetu ya asubuhi, buda!" kijana mmoja akapaaza sauti.

Wafula hakucheka. Alijifuta oili mikononi, akanikabili.

"Mzee, umenichafulia jina hapa. Nadai ulisafishe hapa hapa, kabla watu hawajatawanyika, na uanze na hao wawili waliodai funguo."