Shimo la Mama Sekela

Enzi zetu kule Mbozi, mwezi wa sita ulikuwa ukiingia na baridi yake, hata mbwa hatoki jikoni. Asubuhi ukungu umelala juu ya mibuni, umande unachoma miguu, nasi tumevaa masweta yaliyofumuka mikono, mifukoni tuna viazi vya kuchoma vya kupashia vidole. Mama alikuwa na maneno yake ya msimu huo: "Ukirudi na kikohozi, kipeleke kwa aliyekutuma." Hakuna aliyetutuma. Tulikuwa tunaenda bwawani kwa kiherehere chetu wenyewe.

Bwawa lilikuwa la baba mdogo. Alilichimba kwa jembe bondeni, kubwa kama chumba cha darasa, akapanda perege. Mwaka ule alikuwa anaoa binti wa kijiji cha Mbebe, na kila aliyepita nyumbani alielezwa kwamba wakwe watakula samaki wa bwawa lake mwenyewe. Sisi watoto tuliruhusiwa kuvua wawili watatu wa mboga. Ndoano ilikuwa pini iliyokunjwa, boya kipande cha gunzi, chambo minyoo ya nyuma ya zizi. Watoto wa siku hizi wanavua samaki kwenye simu wakiwa wamejifunika blanketi, na wakikosa wanabonyeza mchezo uanze upya.

Wakati wa baridi perege hali chambo. Anashuka chini na kutulia huko, umbembeleze usimbembeleze. Siku hiyo mimi na kaka yangu Lusajo, aliyenizidi miaka miwili, tulikaa mpaka makamasi yakatutoka, gunzi halijatikisika hata mara moja. Ndipo Lusajo akapata wazo.

Juu kidogo ya bwawa aliishi jirani yetu Mama Sekela, mjane, mwenye mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Nusu ya kijiji ilimenya kwake, na hiyo mashine ndiyo iliyomsomesha binti yake Sekela. Maji machafu ya kahawa, yale mazito yenye harufu ya pombe iliyochacha, aliyakusanya kwenye shimo lenye tuta. Lusajo alishaona mtoni kwamba maji yale yakiingia, samaki hupanda juu midomo wazi, ukawaokota kwa mkono. "Tunafungua kidogo tu," akasema. "Tukipata wanne tunafunga."

Tukatoboa tuta kwa jembe. Kweli, hazikupita dakika nyingi perege wakaanza kuelea wakitweta. Tuliokota watano, tukicheka kwa kunong'ona. Kisha tukarudishia udongo, tukaukanyaga. Mimi nilikanyaga kwa haraka, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi na nilikuwa nawaza moto wa jikoni. Hilo nalikumbuka kuliko utamu wa wale samaki.

Kulipokucha bwawa lote lilikuwa limejaa matumbo meupe. Udongo wetu haukushika, na shimo zima lilikuwa limemwagikia bondeni. Baba mdogo alisimama ukingoni bila kofia, ukungu unamlowesha kichwa, halafu akapanda moja kwa moja hadi kwa Mama Sekela. Watu wakamfuata. Sisi pia tukafuata, kwa sababu kubaki nyuma kungetuumbua.

"Nimekukosea nini, mama?" akauliza. "Umeshindwa hata kuziba shimo?"

"Baba, tuta lile nimelishindilia kwa miguu yangu mwenyewe. Kila jioni nalikagua."

"Kwa hiyo maji yamejifungulia?"

Mama Sekela alitutazama wote, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta wa kumsaidia kusema. Macho yake yalipofika kwangu nikatazama chini. Lusajo alinifinya mkono kwa nyuma.

Siku zilizofuata sikuwa na raha. Mbwa akibweka, nadhani wamekuja kutuita. Baba akikohoa, nashtuka. Kila asubuhi nilijiambia leo nasema, na kila jioni nilishukuru kwamba siku imepita bila mtu kuniuliza. Wakwe walikula kuku, harusi ikaisha salama, lakini watu walikuwa wamekwisha kumwita Mama Sekela mwenye kijicho, na kahawa yao wakaipeleka kumenya kwingine. Mashine yake ikakaa. Muhula uliofuata Sekela hakurudi shule.

Tukikutana watu wa rika langu, wimbo wetu ni mmoja: sisi tulikuwa na adabu, watoto wa sasa hawana hofu na mtu. Mwezi uliopita binti yangu Neema alivunja kioo cha simu yangu. Hata viatu sijavua, amekwisha kuja: "Mama, nimekosa, nimevunja simu yako, nipige." Nikamgombeza kwa ukali kuliko kosa lenyewe, kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani. Kumbe wivu nao unaweza kumshika mzazi.

Wiki iliyopita nilikwenda msibani Chapwa, na ndani nikamkuta Mama Sekela. Amezeeka, anaishi na Sekela, mwenye kibanda cha kuuza nyanya pale Tunduma. Nikapiga magoti kumsalimia. Alinijua kwa sauti, akanishika mikono yote miwili na kuwaambia akina mama waliokaa mkekani:

"Huyu mtoto ana moyo. Kwao wote waliacha kunisalimia. Yeye peke yake alikuwa anapita kwangu, kila siku, 'Shikamoo mama.' Mungu akubariki, mwanangu."

Nilikuwa napita kumchunguza uso, nione kama amejua. Miaka yote hii sikuwahi kumwambia mtu. Wanawake wakanitazama kwa upendo, wakinisubiri. Neema wangu, na miaka yake kumi na moja, angesema palepale.

Nikaitikia, "Amina, mama."