Kiangazi cha Nyasi za Mugure

Naftaly Kihara aliendesha lori kati ya Mombasa na Malaba kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na hakuna mteremko wala kona iliyomtia hofu. Alijua pa kulala Salgaa bila kuibiwa mafuta, na alijua mchinjaji yupi wa Kikopey hachanganyi mbuzi na kondoo. Kitu ambacho hakukijua ni nyasi. Nyasi zilikuwa kazi ya mkewe, Mugure, naye alikuwa amemwachia kwa moyo mkunjufu, kama waume wengi wanavyowaachia wake zao kila kitu kinachohitaji subira.

Nyasi zenyewe hazikuwa nyingi. Kilikuwa kiwanja kidogo mbele ya nyumba yao ya mtaa wa Section 58, kati ya veranda na ua wa miiba wa kaiyaba, mahali ambapo mtu mwenye akili, kwa maoni ya Naftaly, angepanda sukuma wiki. Lakini Mugure alizipanda kwa mkono wake, shina kwa shina, mwaka ule walipohamia. Alizikata kwa slasha, akazing'olea magugu akiwa amepiga magoti juu ya gunia. Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, alizizunguka polepole akizikagua. "Wewe uko na lori yako, mimi niko na nyasi yangu," alimwambia mumewe. Naftaly alicheka tu. Alipostaafu ndipo alipoanza kumtazama pale umandeni, na nikuambie kweli, alipenda sana kumtazama. Hakumwambia hata siku moja. Wanaume wa aina yake huyasema mambo hayo mazishini.

Siku chache kabla ya Krismasi, Mugure akapigwa na kiharusi. Aliponea chupuchupu, lakini mguu wa kushoto ukawa mzito na mdomo ukaenda upande. Binti yao, Jackie, akamchukua akae naye Nairobi, ghorofani, karibu na hospitali yenye wataalamu wa mazoezi ya viungo. Siku ya kuondoka, akiwa ameshaketishwa ndani ya gari, Mugure alimshika Naftaly kwa ule mkono wake mzima.

"Baba Jackie, nyasi yangu usiiache ikufe."

"Haiwezi kufa," Naftaly akajibu. "Utaipata tu vile umeiacha."

Kuahidi ni rahisi. Januari iliingia na ule upepo wake mkavu unaobeba vumbi kutoka upande wa mlima wa Menengai na kulitia hadi ndani ya sukari. Maji ya mfereji yakawa yanakuja yakitaka. Naftaly alioga kwenye karai ili maji yale yale yaende kwenye nyasi, akayamwaga kwa kikombe kana kwamba anamnywesha mgonjwa uji. Bado zilianza kugeuka rangi, kwanza kingoni, halafu katikati, mpaka kiwanja chote kikafanana na mkeka mkuukuu.

Mtu mwingine angesubiri mvua. Naftaly hakujua kwamba nyasi za aina ile zikikosa maji hulala tu. Yeye aliona zinamfia mikononi. Hapo akakumbuka kabichi za mamake. Mamake alilima Molo, na dawa yake kwa kila mmea uliosinyaa ilikuwa moja, samadi ya kuku. Kabichi zake zilikuwa hazibebeki. Mtoto wa Molo haambiwi kitu kuhusu samadi! Akaenda kwa mfugaji wa kuku wa mayai, akarudi na magunia ya samadi mbichi ambayo bado ilikuwa inachoma pua, akaimwaga juu ya nyasi kwa ukarimu mkubwa katikati ya jua kali, kisha akainyunyizia kimaji kidogo alichokuwa nacho. Akaingia ndani akiwa na furaha tele.

Sasa, samadi mbichi ya kuku ni moto. Ikifukiwa shambani mapema na mvua ikanyesha, hugeuka chakula. Ikimwagwa juu ya nyasi zenye kiu, huziunguza. Kabla wiki haijaisha pakatokea mabaka makubwa, meusi katikati na manjano pembeni, na nzi wa mtaa mzima wakaja kutoa pole.

Jioni moja Mugure alipiga simu. Ulimi wake ulikuwa bado mzito.

"Nyasi yangu iko aje?"

"Iko sawa kabisa. Iko green."

"Na maji?"

"Maji iko. Wewe tulia, usijisumbue na chochote."

"Haya," Mugure akasema.

Ikawa hivyo kila jioni, swali lile lile na uongo ule ule, isipokuwa uongo ulikuwa ukinenepa. Kwa maana siku moja Jackie alimpigia babake pembeni, sauti imemshuka. "Daddy, mum amekataa mazoezi. Anakaa tu kwa dirisha. Daktari anasema mguu unaweza kurudi, lakini lazima atake mwenyewe. Na akiendelea kukaa hivi, hautarudi." Naftaly alikata simu akaketi kwenye veranda, macho kwenye yale mabaka. Aliogopa. Aliogopa kwamba Mugure angekata tamaa kabisa, abaki kule ghorofani, naye abaki na nyumba isiyo na mtu wa kumkemea. Akajiambia kwamba kama habari njema hazimwinui, habari mbaya zitammaliza. Basi akaongeza chumvi. Nyasi zikawa zinameremeta. Majirani wakawa wanasimama langoni kuzisifu.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Naftaly ilikuwa fupi kuliko ua wa kaiyaba. Jackie akamwambia, "Daddy, mum anataka kuona hiyo nyasi. Kesho mchana nitapiga video."

Upande wa pili wa ua alikaa Kiplangat, mtu mwenye kisima na nyasi za kijani mwaka mzima. Kesho yake Naftaly alikwenda kwake amevaa koti la kanisani.

"Jirani, naomba uniazime lawn yako kidogo."

Kiplangat alimtazama kutoka kofia hadi viatu. "Mzee Kihara, watu wameniazima jembe, wakaniazima wheelbarrow wakakaa nayo. Lakini lawn! Utaibeba na nini?" Alipoelezwa kisa chenyewe alicheka mpaka akashika mti, halafu akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Ingia," akamwambia. "Simama hapo kwa kivuli, inaonekana poa."

Simu ilipolia, Naftaly aliielekeza chini haraka, nyasi zikajaa kioo chote.

"Shusha simu," Mugure akasema. "Shusha tena. Karibu na majani."

Naftaly akainama, magoti yakalia.

"Baba Jackie."

"Eeh."

"Hiyo ni nyasi ya pemba. Yangu iko na majani membamba. Hiyo pana ni ya Kiplangat. Na hiyo miguu nyuma ya mti ni ya Kiplangat."

Kiplangat, aliyekuwa amejibanza, akatoka akapunga mkono. "Habari ya Nairobi, mama?"

Ndipo Mugure alipocheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, kilichojikwaa mdomoni na kutoka na mate, lakini kilikuwa chake, na Naftaly hakuwa amekisikia tangu kabla ya Krismasi. Kisha kicheko kikakatika. "Enda nyumbani," Mugure akasema. "Nionyeshe yangu."

Naftaly akazunguka ua, akafungua lango lake, akaelekeza simu kwenye mabaka bila kuficha chochote.

"Nimeichoma, Mama Jackie. Niliweka mbolea ya kuku. Nilikuwa naogopa nikikuambia utakufa moyo."

"Mbichi?"

"Mbichi."

"Na jua hii?"

"Na jua hii."

"Mungu wangu, huyu mtu!" Halafu sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayesema jambo alilolibeba kwa muda mrefu. "Kila siku unaniambia iko sawa, iko green. Mimi nikasema, basi. Kama hata nyasi haina haja na mimi, narudi huko kufanya nini?"

Naftaly alikuwa ameziba kila tundu ili baridi isimfikie mkewe, kumbe alikuwa anamfungia mlango. "Mimi ndio niko na haja," akasema, na huyu ni mtu ambaye hakuwahi kusema hivyo kwa Kiswahili wala kwa Kikuyu. "Hii nyumba imenishinda. Kuja."

Mugure hakumjibu yeye. Naftaly alimsikia akimwambia Jackie amletee viatu vya mazoezi. Jackie alisimulia baadaye kwamba jioni ile mamake aliuinua mguu tena na tena akishikilia kiti, na kila akiuinua alikuwa akilaani samadi ya kuku.

Alirudi mwezi wa Machi, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika, akitembea kwa fimbo na kwa bega la Jackie. Hakulia alipoona kiwanja. Aliketi kwenye kiti cha veranda akaanza kutoa amri. Samadi ikwanguliwe. Udongo ulioungua utolewe. Miche ing'olewe kule chini ya kaiyaba, kivulini, ambako nyasi zilikuwa bado hai. Naftaly akapiga magoti juu ya gunia, akaanza kupanda.

"Usifukie yote! Acha kichwa nje ipumue!"

"Hivi?"

"Si hivyo, unaimaliza! Naftaly! Hebu toa mkono!"

Na Mugure akainuka. Hakumwita Jackie, hakutafuta bega la mtu. Alikuja kwa fimbo yake juu ya udongo ule, mguu wa kushoto ukiburuta, hasira zikimtangulia, akaegemeza kiganja kwenye kichwa cha mumewe, akainama, akachomeka shina moja ardhini likasimama wima. Jackie alikuwa mlangoni, kaziba mdomo kwa mkono. Naftaly alimkonyeza anyamaze.

"Umeona? Ni kitu rahisi tu," Mugure akasema, akageuka, akarudi kwenye kiti chake akinung'unika njia nzima.

Naftaly alilitazama lile shina. Sasa alielewa vizuri kabisa jinsi nyasi zinavyopandwa, na angeweza kumaliza kiwanja chote kabla ya chakula cha mchana. Akachukua mche mwingine, akaufukia wote, kichwa na kila kitu, akaupigapiga udongo juu, akasubiri.