Koki ya Bafuni kwa Mama Mkwe

Fundi Joto alikuwa mtu wa kujisifu kidogo, na kwa kweli alikuwa na haki. Mafundi wengine wa mitambo ya kuchemshia maji kwa jua hupandisha tangi juu ya paa, huunganisha mabomba, hukusanya spana zao na kuaga. Yeye hakuaga. Alingoja jua lifanye kazi yake, kisha akaingia ndani ya nyumba, akapita jikoni, akaingia bafuni, akafungua bomba la mwisho kabisa na kuweka mkono chini ya maji. Mkono ukishtuka, ndipo alipokubali kwamba kazi imekwisha. Wateja walimtania kwamba anatafuta pa kuoga bure. Alicheka nao, lakini mkono aliuweka, na wenzake wasioweka mkono aliwasema vibaya kila alipopata nafasi.

Mtu huyo ndiye aliyekuja kuumbuka kwa kosa ambalo hata mwanagenzi asingelifanya. Na hakuumbuka kwa mteja wa kawaida, ambako mtu huomba radhi akarekebisha mambo yakaisha. Aliumbukia ukweni.

Mama mkwe wake alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule, mwenye vidole vilivyoanza kukakamaa kila asubuhi ya baridi. Siku ya posa, kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, alisema mbele ya watu wote kwamba mpwa wake hakusomeshwa ili aje kuolewa na mtu wa kuparamia mapaa. Watu waliinamisha vichwa. Ni mama peke yake aliyemjibu kaka yake, tena kwa sauti ya chini, kwamba yeye amempenda kijana huyu, na kijana hatamwaibisha. Fundi Joto hakulisahau neno lile. Alipopata nafasi ya kushukuru, hakuona zawadi iliyomfaa mama mwenye vidole vya kuuma kuliko maji ya moto.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Marehemu baba mkwe alikuwa mtu wa kuona mbali. Alipojenga nyumba alilaza kabisa ukutani bomba la maji ya moto, likingoja siku ambayo familia ingejaliwa mtambo. Ncha yake ilichungulia nyuma ya nyumba. Fundi Joto alitega vioo vikaelekea jua, akakalisha tangi juu yake, akateremsha bomba mpaka kwenye ncha ile, akaunganisha. Kilichobaki kilikuwa ndani. Bomba la namna hiyo huwa na koki yake ndogo bafuni, ya kuzuia au kuruhusu maji, na koki ambayo haijawahi kutumika huwa imefungwa. Hilo alilijua kama alivyolijua jina lake.

Lakini bafu la mama mkwe lilikuwa ndani ya chumba chake cha kulala. Kufika huko ni kupita kando ya kitanda, nguo zilizotundikwa nyuma ya mlango, na vitu vya mama mtu mzima ambavyo mkwe hana sababu ya kuviona. Fundi Joto alisimama sebuleni na spana mkononi, akakohoa, akakagua dari ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mama mkwe naye, aliyekuwa amesikia habari za mkono na bomba la mwisho, alianza kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Wote wawili waliona haya, na hakuna aliyemsaidia mwenzake. Mwishowe fundi akasema kwa adabu zote kwamba kesho asubuhi afungue tu bomba la upande wa kushoto. Akanywa chai, akaaga.

Kesho yake alipiga simu. Mama mkwe akamwambia maji ni ya moto, na akamwombea maisha marefu.

Kuanzia hapo sifa zikaanza kutembea. Mama mkwe aliwaambia majirani, akawaambia washonaji wenzake, akamwambia kaka yake kila walipoongea. Wateja walikuja kwa fundi wakisema wametumwa na mama yake, naye akavimba kichwa. Kila baada ya miezi michache alikwenda kuutunza mtambo ule kama mboni ya jicho. Alifuta vumbi kwenye vioo, akamwaga mashapo yaliyotuama chini ya tangi, akakagua ile fimbo ya madini ambayo huwekwa ndani iliwe na kutu ili tangi lenyewe lisiliwe. Na kila mara alikuta valvu ya kupumulia ikitema maji yanayochemka, na bati chini yake likiwa na doa jeupe la chumvi.

Hapa ndipo unapotaka kumshika fundi huyu sikio. Tangi linalotumiwa kila siku halifanyi hivyo. Watu wakioga, maji ya baridi huingia kuchukua nafasi ya yale ya moto, na tangi hutulia. Tangi linalochemka mpaka kutema ni tangi ambalo halichotwi. Angelikuta doa lile kwa mteja mwingine, angeshuka ngazi mbio kwenda kuuliza kuna nini. Kwa mama mkwe alisimama juu ya paa, mikono kiunoni, akajisemea kwamba mtambo huu kweli una nguvu. Kisha akashuka, akauliza kama maji yanapata moto, akajibiwa yanapata, akaletewa chai.

Siku moja mke wake alipigiwa simu kwamba mama yake ameungua mguu. Walikwenda pamoja. Walimkuta amekaa kwenye kiti cha sebuleni, mguu umefungwa bandeji mpaka juu ya kifundo, akisema si kitu, ni chai tu ilimmwagikia. Fundi Joto alimpa pole na kukaa. Mke aliingia chumbani kumwandalia mama yake maji ya kujifuta, akakawia huko. Aliporudi hakuingia sebuleni. Alisimama kwenye ujia, akamwita mumewe kwa kidole.

"Mama hana maji ya moto," alimwambia kwa sauti ya kunong'ona. "Bomba la kushoto halitoi hata tone. Sakafu imejaa maji, na sufuria kubwa imelala pale chini."

Fundi akaanza kubisha, kama mafundi wanavyobisha. Akasema tangi linachemka, akasema amelikagua juzijuzi, akasema labda hakufungua vizuri. Mke wake akamwonyesha mlango wa chumba.

Akapita kando ya kitanda huku macho ameyaelekeza kwenye vidole vyake vya miguu. Bafuni, nyuma ya mlango, chini kidogo ya usawa wa kiuno, aliiona koki. Ilikuwa imefungwa. Rangi ya ukuta ilikuwa imeizunguka shingoni tangu nyumba ilipopakwa mara ya kwanza, na haikuwa na hata ufa. Hakuna mkono uliowahi kuigusa. Aliishika, ikagoma, akakaza mkono, rangi ikabanduka, ikazunguka. Bomba la kushoto, ambalo mkewe aliliacha wazi, likakoroma, likatema hewa, likatema maji ya kahawia, kisha yakaja maji safi yenye mvuke. Akaweka mkono chini yake, na hakuuondoa upesi.

Kumbe ilikuwa ni kazi ya kuzungusha mkono mara moja. Alitamani ardhi ipasuke immeze pale pale, na ndoo na sufuria. Alifikiria asubuhi zote za baridi, mama mwenye vidole vibovu akibeba sufuria kutoka jikoni, akipita ujiani, akivuka kizingiti, huku juu ya kichwa chake maji ya moto yakimwagika bure kwenye bati. Na yeye sebuleni, akinywa chai na kupokea shukrani. Alijiona si fundi wala mkwe, na machozi yalimlengalenga.

Alirudi sebuleni akachuchumaa kando ya kiti.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Mama mkwe alinyoosha bandeji ambayo ilikuwa imenyooka. Alimweleza kwamba asubuhi ile ya kwanza, kabla hata ya kufungua bomba, alikwishampigia kaka yake kumwambia kuwa maji ni moto na kijana ni fundi kweli. Alipokwenda kufungua, kimya. Akadhani labda mtambo huchukua siku kadhaa kuzoea. Baadaye akadhani yeye ndiye asiyejua kufungua.

"Halafu ulikuwa unashuka kutoka juu ya paa una furaha," alisema. "Nikaona basi, sufuria yenyewe si nzito sana."

Fundi Joto akasema atawaambia watu wote kwamba kosa lilikuwa lake. Atakwenda kwa washonaji, atakwenda kwa majirani, ataanza na mjomba mwenyewe.

"Usifanye hivyo, baba. Nimewasifia maji hayo muda wote huu. Ukisema, nitaonekana mimi ndiye mwongo."

Kabla hajajibu, mlango ulibishwa. Mjomba, yule mwalimu mkuu mstaafu, alikuja kumjulia hali dada yake. Alikaa, akatoa pole, akauliza habari ya dawa. Kisha akamgeukia fundi, akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia darasa. Alisema kwamba siku ya posa alitamka maneno mazito, na kwamba mtu mzima akikosea hana budi kusema. Alisema dada yake amemweleza juu ya maji yale mpaka ameyakariri. Akanyoosha mkono.

"Nilikudharau, mwanangu. Nisamehe."

Fundi alifungua mdomo. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kukaushia maji. Mama mkwe alikuwa anamtazama, mguu wake wenye bandeji juu ya kigoda.

"Mjibu mjomba wako," mama mkwe akamwambia.

Akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, akainama, uso umemshuka kabisa. "Yamekwisha, mjomba," alisema, na sauti haikufika mbali.

Mjomba alipendezwa sana. Akamwambia dada yake kwamba alichagua vizuri, kwa maana vijana wa siku hizi ukiwasifu kidogo wanapanda juu, lakini huyu hata kusifiwa anaona haya.